Ripoti ya Dakika Mbili ya NBA: inafaa kusomwa, ila imekatwa fupi mno

Tarehe 27 Aprili 2025, mechi ya nne ya raundi ya kwanza ya mchujo wa NBA, ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, Detroit Pistons walikuwa nyumbani na nyuma kwa pointi moja tu, 94 kwa 93, dhidi ya New York Knicks. Cade Cunningham akakosa, mpira ukagombaniwa, ukamfikia Tim Hardaway Jr. kwenye kona. Akajifanya anarusha, Josh Hart wa Knicks akaruka, akamgonga mwilini wakati mpira unatoka mkononi. Kipenga kimya. Mechi imeisha.

Nilikuwa nimekaa na shemeji yangu, ambaye Knicks iko kwenye damu. Wachezaji hawajatoka hata uwanjani, sisi tumeshaanza. Mimi nasema faulo. Yeye anasema, "Shemeji, huu ni mchujo. Refa hawezi kuamua mechi sekunde ya mwisho." Nikamwambia refa ameshaiamua kwa kunyamaza. Usiku ule ule kiongozi wa marefa wa mechi ile alikiri kwamba, baada ya kutazama marudio, faulo ilipaswa kupulizwa. Kesho yake nikafungua Ripoti ya Dakika Mbili za Mwisho, kama ninavyofanya kila baada ya mechi iliyobanana, na mstari wa tukio lile ulikuwepo.

Kwa asiyeifahamu: hii ni huduma ya bure ambayo NBA imekuwa ikiitoa tangu Machi 2015. Mechi ikiwa imekaribiana katika dakika mbili za mwisho za robo ya nne, au ikiingia muda wa nyongeza, wataalamu wa ligi hukaa na video na kupitia tukio moja baada ya jingine. Mwanzoni pengo lililohesabika kuwa limekaribiana lilikuwa pointi tano. Baadaye wakalipunguza hadi tatu. Matokeo hutoka siku inayofuata jioni, saa za New York. Ni jedwali tu, halina mapambo: saa ya mchezo, aina ya tukio, aliyetenda, aliyetendewa, maelezo mafupi, na kiungo cha video. Mwisho wa kila mstari kuna moja ya hukumu nne: kipenga sahihi, kipenga kisicho sahihi, kimya sahihi, kimya kisicho sahihi.

Hizo hukumu mbili za kimya ndizo zinazonifanya niipende huduma hii. Sisi mashabiki kelele zetu nyingi ni juu ya vipenga vilivyopulizwa, kwa sababu hivyo tunavisikia. Ripoti inakulazimisha uangalie yaliyopita bila sauti: skrini (mchezaji anayesimama kumzibia mlinzi njia) iliyosogea hatua moja, mkono uliokaa kiunoni kwa mlinzi, mtu aliyekaa sekunde tatu kwenye eneo la rangi, lile lililo chini ya goli. Nimejifunza sheria za mpira wa kikapu humo kuliko kwa watangazaji wote niliowahi kuwasikiliza.

Mfano ninaoupenda ni wa tarehe 2 Mei 2016, Oklahoma City Thunder na San Antonio Spurs, mechi ya pili ya nusu fainali ya Magharibi. Dion Waiters wa Thunder anarusha mpira kutoka pembeni zikiwa zimebaki sekunde 13.5, na kabla hajautoa anamsukuma Manu Ginóbili wa Spurs kwa kiwiko. Mtu aliye nje ya mstari anamsukuma mlinzi wake! Hakikupulizwa kitu. Thunder wakashinda 98 kwa 97. Dunia nzima ilikuwa inazungumzia kiwiko kile. Ripoti ilipotoka, ikahesabu makosa matano ya marefa ndani ya sekunde hizo 13.5, na mojawapo lilikuwa dhidi ya Ginóbili mwenyewe: alikuwa ameshakanyaga mstari kabla ya kusukumwa. Nilirudia video ile mara nyingi. Mguu wake uko pale, juu ya mstari, na macho yetu wote yalikuwa kwenye kiwiko. Tangu siku hiyo sibishani kuhusu tukio la mwisho kabla sijatazama miguu.

Kwa shemeji nilikuwa na ushahidi mwingine, wa mwaka uliotangulia. Aprili 22, 2024, Knicks na Philadelphia 76ers, mechi ya pili. Tyrese Maxey wa 76ers anapokea mpira, anavutwa jezi, anagongwa, anaanguka, mpira unapotea, Donte DiVincenzo anapiga pointi tatu, Knicks wanashinda 104 kwa 101. Ripoti ikasema Maxey alifanyiwa faulo mara mbili kwenye tukio lile, na kwamba kocha wake Nick Nurse alistahili kupewa mapumziko aliyokuwa akiyaomba. Nilimsomea shemeji mstari kwa mstari. Hakukubali kwamba timu yake ilibebwa, na kwa kweli mstari haukusema hivyo. Ulisema faulo ilikuwepo. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Sawa, jezi alivutwa." Nimebishana na mtu huyu miaka mingi, neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake kabla ya jedwali lile.

Kwa hiyo ubora wa kwanza ni kwamba mabishano yanapata sakafu. Mnatoka kwenye "marefa wamenunuliwa" mnaingia kwenye "mkono uligusa wapi, lini".

Kasoro yake sasa, na ni kubwa. Dakika mbili ni chache mno. Mechi ni dakika 48. Mchezaji nyota akipigiwa faulo ya tano isiyo halali katikati ya robo ya tatu, akakaa benchi, timu ikapoteza uongozi, Ripoti haina la kusema. Inaanza kusoma kitabu kwenye ukurasa wa mwisho.

Ubishi mkubwa kuliko wote wa msimu wa 2024-25 ulikuwa juu ya Shai Gilgeous-Alexander, nyota wa Thunder. Mashabiki wa Minnesota walimwimbia uwanjani kwamba ni mchuuzi wa mitupo huru, yaani anaishi kwa kutafuta faulo, na shemeji akauchukua wimbo ule kama wake. Mimi namtetea: alifunga wastani wa pointi 32.7 kwa mechi, akawa mchezaji bora wa msimu, na Giannis Antetokounmpo alikwenda kwenye mstari wa mitupo huru mara nyingi kuliko yeye kwa wastani bila kuimbiwa vile. Lakini nilipotaka kuleta Ripoti itusuluhishe, sikupata kitu cha maana. Sababu ni rahisi: Thunder walishinda mechi 68 msimu ule, na pengo lao la wastani lilikaribia pointi 13 kwa mechi, rekodi ya ligi. Dakika mbili za mwisho mechi zao nyingi zilikuwa zimekwisha zamani, na wakaguzi hawakuwa na cha kukagua. Timu bora, mchezaji anayelalamikiwa zaidi, na huduma ya ukaguzi inapita mbali. Hapo ndipo ninapoona ligi imetunyima kitu tunachokihitaji.

Wapo wachezaji wasioitaka kabisa. Krismasi ya 2016, Cleveland waliwafunga Golden State 109 kwa 108, na Ripoti ikasema Kevin Durant wa Golden State alifanyiwa faulo na Richard Jefferson mwishoni. Durant ndiye aliyedhulumiwa, na bado aliishambulia Ripoti: akasema inawatupa marefa kwa umma bila haki na haibadilishi matokeo. Nilimheshimu sana kwa hilo. Mtu aliyepewa haki ya maneno akaikataa kwa niaba ya waliomkosea. Sikubaliani naye, lakini ndiyo hoja nzito kuliko zote nilizosikia upande wa pili, na kila ninapofungua jedwali huikumbuka.

Linganisha na Januari 2023 kule Boston. LeBron James wa Lakers anakwenda kufunga sekunde ya mwisho, Jayson Tatum wa Celtics anampiga mkononi, hakuna kipenga, LeBron anapiga magoti sakafuni ameshika kichwa. Mwenzake Patrick Beverley akachukua kamera ya mpiga picha akamwendea refa kumwonyesha, akaadhibiwa faulo ya kiufundi. Celtics wakashinda 125 kwa 121 kwenye muda wa nyongeza. Beverley ana uchungu wa wazi, Durant anamtetea refa. Wote wawili ninawaelewa, na hakuna ripoti ya kesho yake inayoweza kumtosheleza Beverley usiku ule.

Nikiipa alama, naipa saba kwa kumi. Ukitaka kuitumia vizuri, usianze na hukumu. Funika safu ya mwisho kwa mkono, tazama video kwanza kwa kasi ya kawaida, jiamulie, kisha fungua. Utashangaa mara ngapi refa alikuwa sahihi na wewe umekosea; upande wangu ilikuwa hivyo mara nyingi. Soma pia maelezo yaliyowekwa kwenye mabano. Hayo ni matukio yanayoonekana kwa saa ya kupimia au kwa kukuza picha tu, na ligi haiyahesabu kuwa makosa ya refa. Mashabiki wengi huyaruka, kisha wanayapeleka kwenye ubishi kama ushahidi. Hayo si ushahidi wa kosa. Jicho la binadamu halikuweza kuyaona, na wao wenyewe wameyatenga.

Alama tatu nilizopunguza zote ni za muda. Waongeze robo ya nne nzima, kwa mechi za mchujo peke yake. Katika mechi za mchujo hakuna usiku wa kesho yake wenye timu nyingine ya kufidia. Ni wale wale wawili hadi mmoja afungashe. Pistons walishinda mechi ya tano, kisha wakatolewa kwenye ya sita, Detroit, 116 kwa 113, Jalen Brunson akipiga pointi tatu zikiwa zimebaki sekunde 4.3. Tukio lile nililitazama kwa kasi ndogo nikianzia miguuni. Lilikuwa safi kabisa, nami nikampigia shemeji simu kumwambia hivyo.