Jiwe la Bismarck lilikuwa linaruka kama dagaa: uzoefu wangu wa kuhamisha mikanda ya Super 8

Nina rili sita za Super 8, ile mikanda ya filamu ya zamani ya kamera za nyumbani, za marehemu babu, alipiga miaka ya 70 hapa hapa Mwanza, Capri Point, bandarini, na moja yupo kwenye mtumbwi. Rili moja ni mita 15, dakika 3 na sekunde 20 imeisha, kwahiyo zote ni kama dakika 20 tu, nikajua kuzihamishia kwenye video ya kompyuta ni kazi ndogo. Weee.

Mara ya kwanza nilimpa jamaa mmoja wa video za harusi hapa mjini. Aliwasha projekta, picha ukutani, kamera mbele yake, basi. Nikapeleka flashi kwa bibi, tumekaa wote sebuleni, likatokea jiwe la Bismarck, jamani linarukaruka kama dagaa kwenye karai! Jiwe lile lile watu wanapiga nalo picha wakishangaa mbona halianguki. Bibi akauliza, "Siku hiyo kulikuwa na tetemeko?" Na mwanga unapepesa muda wote, maana projekta inaenda fremu 18 (yaani picha moja moja za mkanda) kwa sekunde, kamera yake 25, haviendani. Kumrudia, ananiambia ni mkono wa babu ulikuwa unatetemeka. Nikakosa la kujibu.

Safari hii nikatuma Dar kwa basi, kwa fundi mwenye skana inayopiga fremu moja moja. Kabla hata ya hela akanirushia wasapu kipande cha majaribio, kaacha matundu ya pembeni ya mkanda yaonekane, akasema mdogo wangu usiangalie jiwe, angalia tundu. Tundu likiruka pamoja na jiwe, mkanda haukai vizuri kwenye mashine. Tundu likitulia halafu jiwe peke yake linaruka, hiyo ni kamera au mkono wa aliyepiga. Na fremu yenyewe ina urefu wa milimita 4 hivi, kwenye tivii ya inchi 32 inakuzwa kama mara 100, kwahiyo mkanda ukiteleza sehemu moja ya kumi ya milimita, kwenye kioo ni sentimita nzima! Akasafisha mkanda, akapanga kila fremu kwa kufuata tundu lake kwenye kompyuta, na jiwe likatulia tuliii. Babu kasingiziwa bure.

Kosa langu likaja kwenye rili ya mtumbwi. Nilimng'ang'ania aitulize na hiyo, akanikatalia, nikang'ang'ania, akafanya. Aisee, mtumbwi umeganda kama umepigwa misumari halafu vilima vya nyuma ndio vinaogelea, na kingo zimekatwa mpaka kichwa cha baba mkubwa hakipo. Programu inafuata mtumbwi badala ya tundu, sasa itafanyaje. Akanirudishia ile ya tundu tu, mawimbi yanapanda na kushuka kama kawaida ya ziwa, bibi akasema hii ndiyo.

Elfu 40 kwa rili, si bei ya chini, na nimesubiri wiki tano. Nampa nyota nne. Rili moja inanuka siki, dalili kwamba mkanda umeanza kuoza, imesinyaa, matundu yamesogeleana, hiyo alisema mapema kuwa haitanyooka yote, na kweli kila penye kiungo cha selotepu picha bado inashtuka kidogo. Hiyo simlaumu, nyota niliyobakiza ni ya kutopokea simu.