Seti ya Pete ya Kupimia Mvutano wa Uso: Chombo Kizuri, Kijitabu Pungufu

Seti niliyoinunua kwa ajili ya somo la fizikia ina vitu vichache: pete ya alumini yenye ukingo mwembamba na kipenyo cha milimita 60, iliyoning'inizwa kwa nyuzi tatu, mizani ya springi inayosoma hadi milinyutoni 100 (milinyutoni ni sehemu ya elfu ya nyutoni, kizio cha nguvu), sahani ya kioo, stendi ambayo meza yake ndogo hupandishwa na kushushwa kwa skrubu, na kijitabu cha maelekezo. Nimeitumia muhula mzima, na ninaridhika kwamba inafanya kazi iliyokusudiwa, yaani kumfanya mwanafunzi aone kwa macho yake mvutano wa uso, jinsi uso wa maji unavyovuta kwa nguvu kuliko nyuso za vimiminika vingi anavyovifahamu. Malalamiko yangu yanahusu kijitabu, ambacho kimeacha mambo mawili yanayoweza kuharibu kipimo chote.

Njia yenyewe inahusishwa na Mfaransa Pierre Lecomte du Noüy, aliyeieleza mwaka 1919. Ukingo wa pete huguswishwa na kimiminika, kisha meza hushushwa taratibu, na kimiminika hushikamana na ukingo na kuinuka kama pazia jembamba lenye nyuso mbili, moja ndani na nyingine nje, hadi linapokatika. Nguvu kubwa kabisa iliyosomwa hugawanywa kwa mzingo wa pete mara mbili, ambao kwa pete hii ni karibu mita 0.377. Maji yenye nyuzijoto 20 za Selsiasi, ambayo mvutano wake ni milinyutoni 72.8 kwa mita, yanatarajiwa kuivuta springi kwa milinyutoni 27 hivi. Ethanoli, yenye 22.3, haifikishi hata 9. Hapo hakuna haja ya hesabu, kwa sababu pazia la ethanoli hukatika mapema mno hivi kwamba wanafunzi wangu waliomba jaribio lirudiwe, wakidhani pete imeteleza.

Lakini kimiminika kilichonipa somo bora zaidi ni gliseroli. Karibu kila mwanafunzi alitabiri kwamba, kwa kuwa ni nzito na hutiririka kwa uvivu, ingeishika pete kuliko maji. Ilitoa kipimo cha chini, kama inavyopaswa, kwa maana mvutano wake ni takribani 63. Unato ni ukinzani wa kimiminika kinapotiririka, ilhali mvutano wa uso unatokana na molekuli za juu kukosa jirani upande wa hewani na hivyo kuvutwa kuelekea ndani. Molekuli za maji ni ndogo na zimefungamana pande zote kwa bondi za haidrojeni, yaani mivutano yenye nguvu kati ya molekuli na molekuli. Ethanoli nayo ina bondi hizo, ila huelekeza mikia yake ya kaboni hewani, na mikia hiyo huvutana kwa udhaifu. Angalizo moja tu: gliseroli inahitaji skrubu izungushwe polepole sana, la sivyo unato wenyewe huongeza nguvu inayosomwa.

Jambo la kwanza lililoachwa na kijitabu ni usafi. Siku ya kwanza nilishika pete kwa vidole, nikaiweka kwenye maji yaliyokenekwa, nikapata milinyutoni 22, sawa na 58 kwa mita. Niliilaumu mizani bure. Nilipoiosha pete kwa ethanoli, nikaisuuza mara kadhaa na kuishika kwa nyuzi zake tu, mizani ilisoma 29. Mafuta kidogo ya ngozi hutanda juu ya maji na kuushusha mvutano wake, na mabaki ya sabuni hufanya vivyo hivyo. Maelekezo yasiyotaja jambo hili humpotosha mwalimu mgeni.

La pili ni hiyo 29 yenyewe, ambayo imezidi 27 kwa sababu pete huinua pia kimiminika kilicho chini yake, na uzito wake huingia kwenye kipimo. Watafiti Harkins na Jordan walichapisha majedwali ya kusahihisha kosa hilo kwa pete za waya mwaka 1930, kwa hiyo si habari mpya, na aya moja ingetosha kulieleza.

Kuhusu mizani, mgawanyo wake mmoja ni milinyutoni 1, ambao ni sawa na karibu 2.7 kwa mita. Hutenganisha maji na gliseroli bila shida, ila haiwezi kutofautisha ethanoli na asetoni, wala kuonyesha mabadiliko ya maji kutoka nyuzijoto 20 hadi 30.

Jedwali la kijitabu limeorodhesha pia zebaki, ambayo mvutano wake unazidi ule wa maji zaidi ya mara sita, bila onyo lolote. Zebaki ni sumu, hushambulia alumini, na hailowanishi pete, hivyo isijaribiwe kabisa na seti hii.

Atakayeinunua ninamshauri aanze na maji, aendelee na gliseroli na ethanoli, na mafuta ya zeituni ayaweke mwisho kabisa, kwani baada ya hayo nililazimika kuiosha pete mara nne ndipo maji yaliporudi kusoma 29.