Duka la siklidi kisiwani Mombasa: linamfaa mfugaji, mzalishaji awe macho

Anayetaka kufuga siklidi mjini Mombasa hana maduka mengi ya kuchagua. Katika hayo machache, liko moja kisiwani ambalo naweza kumwelekeza mtu bila kusita, mradi awe anatafuta samaki wa kupamba sebule na si mbegu ya kuzalisha. Sitalitaja kwa jina, kwa kuwa kasoro nitakayoieleza si yake peke yake, na si haki alaumiwe mmoja kwa mazoea ya biashara nzima.

Siklidi ni ukoo mkubwa wa samaki wa maji yasiyo ya chumvi. Ngege na perege tunaowala wamo, furu wa Ziwa Victoria wamo, na wamo pia mamia ya spishi za Ziwa Malawi na Ziwa Tanganyika ambazo rangi zake hushindana na za samaki wa mwambani huku kwetu baharini. Duka hili limejikita katika samaki wa Ziwa Malawi, hasa mbuna, ambao ni wakaazi wa miamba. Oska wa Amerika Kusini nao huuzwa, ingawa kumuuzia mtu mtoto wa oska mwenye urefu wa kidole kwa ajili ya tangi la lita 60, hali samaki huyo hufika sentimita 30, ni jambo ambalo muuzaji yeyote angepaswa kulionea haya.

Nilichokipenda kwanza ni kwamba samaki wageni hawauzwi siku wanayoshuka. Hukaa katika chumba cha nyuma kwa wiki mbili hivi, na nyavu na mipira ya kunyonyea maji ya huko haivuki kuja katika matangi ya mbele. Mteja akiomba, muuzaji hunyunyiza chakula kidogo mbele yake ili aone ni nani anayekula na ni nani anayejitenga pembeni. Kwa mbuna, jaribio hili lina uzito kuliko rangi. Mbuna mzima hukivamia chakula kabla hakijazama. Yule anayekichukua kinywani kisha akakitema, tumbo limemfura na kinyesi kinaning'inia kama uzi mweupe, ameshapatwa na ugonjwa wa kufura tumbo, na dawa ya metronidazoli humsaidia tu ikiwahi. Nimemshuhudia muuzaji akimkataza mteja kununua samaki wa namna hiyo, na kwa hilo nampa heshima yake.

Ugonjwa huo aghalabu huletwa na chakula kisichofaa. Mbuna wengi huishi kwa kuparura mwani ulioganda kwenye mawe pamoja na vijidudu vilivyomo, na utumbo wao ni mrefu kwa sababu hiyo. Ukiwalisha nyama nyekundu au vyakula vya mafuta mengi, unawatafutia maradhi. Duka lina chakula kizuri cha spirulina, yaani mwani uliokaushwa, na bei yake ni nafuu kwa kuwa hupimwa kwa gramu kutoka katika kopo kubwa. Hapo ndipo ninapotia shaka. Kopo hilo hufunguliwa kutwa nzima katika hewa yenye unyevunyevu wa Mombasa, na chakula cha chini huwa kimeanza kushikana na kutoa harufu ya uvundo. Afadhali mteja alipe zaidi kidogo, achukue kikopo ambacho hakijafunguliwa.

Kuhusu maji, ushauri wa duka ni wa watu wanaoujua mji wao. Ziwa Malawi lina maji yenye pH (kipimo cha uchachu wa maji) ya takriban 7.7 hadi 8.6, na anayetumia maji ya kisima kilichochimbwa katika mwamba wa matumbawe wa kisiwa hiki huwa na maji magumu, yenye chokaa nyingi, tangu mwanzo, ila ayapime kwanza kwa kuwa visima vingi vina chumvi. Maji ya mfereji, yawe yametoka katika vyanzo vya Mzima, Baricho, Marere au Tiwi, hutiwa klorini, na muuzaji hamwachii mteja mpya aondoke bila dawa ya kuiondoa. Chini ya matangi yao wametandaza changarawe ya matumbawe, na mawe wanayoyauza ni yale ya machimbo ya nchi kavu yanayotumika pia kwa ujenzi. Kuokota matumbawe katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, iliyotangazwa mwaka 1986, ni marufuku, nami nilifurahi kuona hawathubutu kuyauza. Mawe hayo yapangwe moja kwa moja juu ya kioo cha chini kabla ya kumwaga mchanga, kwa maana mbuna ni wachimbaji hodari, na jiwe lililokalia mchanga huja likaporomoka.

Huduma moja yao ni adimu kabisa: mteja anayeanza tangi jipya hupewa bure kipande cha sponji ya kichujio kilichotumika katika matangi ya mbele, chenye bakteria tayari. Bakteria wanaogeuza amonia, sumu itokayo kwenye taka za samaki na mabaki ya chakula, kuwa nitriti, kisha nitrati, kwa kawaida huchukua wiki nne hadi sita kujijenga, na kipande hicho hufupisha muda huo sana. Kwa siklidi wa Malawi katika mji wa joto hili, jambo lenyewe si la mzaha. Amonia katika maji yenye pH ya 8.3 huwa na sumu zaidi ya mara kumi kuliko ikiwa katika pH ya 7, na joto huizidisha; wakati wa kaskazi, hasa Februari na Machi, maji ya tangi hupita nyuzi 30 na oksijeni nayo hupungua. Kosa dogo la kuzidisha chakula, ambalo mahali penye baridi lingesameheka, hapa huua tangi zima kwa usiku mmoja.

Kwa vifaa vingine, hata hivyo, mteja ashike mfuko wake. Nilipokuwa nikilipia, muuzaji aliweka hita mezani akaniambia, "Ami, hita chukua tu, itakufaa kipupwe." Kipupwe cha Mombasa hakijawahi kumuua samaki wa Malawi. Hata Julai maji ya tangi ndani ya nyumba hukaa karibu nyuzi 25, na mbuna huridhika na 24 hadi 28. Fedha hiyo ingenunua pampu ya hewa yenye betri, inayoanza kazi yenyewe umeme unapokatika, kifaa ambacho dukani kimefichwa rafu ya chini kama kwamba hakina maana. Ingeweza pia kununua feni ndogo ya kupepea uso wa maji wakati wa kaskazi, ambayo hawaiuzi kabisa.

Tangi la kuagiza ni kazi nzuri. Langu lina urefu wa sentimita 120, upana wa 40 na kina cha 50, silikoni yake imepakwa kwa unyoofu, na tangu lije halijavuja tone. Meza yake ya chuma ni habari nyingine: rangi ilianza kubanduka kwenye maungio na kutu ikachomoza, kama inavyotarajiwa kwa chuma kilichopigwa mkono mmoja wa rangi na kukaa karibu na bahari. Lita 240 za maji ni kilo 240 kabla hujahesabu mawe na kioo, kwa hiyo ningemshauri mnunuzi achukue tangi kwao na meza ya mvule kwa seremala.

Sasa nije kwa samaki wenyewe. Watoto wa Labidochromis caeruleus wa njano, aina ya mbuna, wenye sentimita nne hivi, niliwanunua kwa shilingi 350 kila mmoja, bei ambayo sina neno nayo. Kwa kuwa mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka 2017, walinitilia katika ndoo ndogo yenye kifuniko, kwa amana niliyorudishiwa, na wakafika wazima. Lakini njano hao wanahitaji jicho. Porini spishi hii kwa sehemu kubwa si ya njano. Njano iliyoenea duniani ilitoka katika sehemu ndogo ya pwani ya magharibi ya Ziwa Malawi, kaskazini mwa Nkhata Bay. Samaki safi ana njano iliyokolea hadi tumboni na mstari mweusi unaofuata pezi lote la mgongoni. Katika tangi la duka niliona kadhaa wenye kivuli cha mistari ya wima ubavuni na tumbo la kijivu, dalili kwamba bibi au babu yao hakuwa njano.

Sababu yake iko wazi kwa anayetazama. Mbuna wa spishi mbalimbali wamerundikwa tangi moja, na mbuna hawana hiana: dume asiyepata jike wa kwake hupanda wa jirani. Mbaya zaidi, Maylandia lombardoi walikuwa wamewekewa vibandiko viwili, "wa buluu" na "wa manjano", vyenye bei mbili tofauti, ilhali wa buluu ni majike na watoto, na wa manjano ni madume waliokomaa. Mtu akinunua manjano peke yao akidhani amepata aina ya upole, amenunua madume watupu wa mojawapo ya mbuna wagomvi kuliko wote.

Kisha kuna wale wanaouzwa kama "samaki wajawazito", kwa bei maradufu. Mbuna hapati mimba. Jike hutaga mayai, huyakusanya kinywani papo hapo, kisha huyanyemelea madoa ya manjano kwenye pezi la chini la dume, yanayofanana na mayai, na kwa kuyadonoa hupokea mbegu zinazorutubisha mayai yaliyomo kinywani. Hukaa na mzigo huo kwa wiki tatu hivi, koo limemvimba, hali chakula, na ukimtazama kwa karibu utaona taya likichezacheza anapoyageuza. Jike wa namna hiyo akikimbizwa na wavu, akatiwa ndooni na kusafirishwa kwa tuktuk, huyatema au huyameza, na hata akifaulu kuyalea, baba wa watoto hajulikani. Mnunuzi amelipa mara mbili kwa kitu ambacho huenda kisifike nyumbani, na kikifika hakina ukoo.

Duka hununua pia watoto kutoka kwa wafugaji wa nyumbani wakifika sentimita tatu au nne, na hulipa taslimu au kwa chakula. Ni mpango wenye manufaa, kwa sababu jike mmoja akizaa mara chache tu tangi hujaa. Nilipeleka watoto ambao wazazi wao nawajua, nikaandika kwenye karatasi jina la spishi. Muuzaji alinishukuru, akaibandika karatasi ukutani, na watoto akawamimina katika tangi la mchanganyiko. Nilipomweleza mwenye duka, alisikiliza kwa makini na kusema yuko tayari kuwatenga samaki wa ukoo unaojulikana, mradi mteja aagize mapema na aweke amana. Mwenye nia ya kuzalisha na aanze mazungumzo hayo naye mwenyewe, si na kijana wa kaunta, na aanze wakati samaki bado wako chumba cha nyuma.