Plagi ya pini mbili Nairobi: ununue nini kwanza, na nini usiguse

Duka lolote la vifaa vya stima kule Luthuli Avenue litakuuzia kitu cha kuchomekea plagi ya kigeni ukutani. Lakini vitu hivyo havilingani hata kidogo. Kutoshea kwenye soketi si kazi. Uliza fyuzi iko wapi na waya wa athi, ule wa usalama unaopeleka stima iliyovuja ardhini, unafika wapi.

Soketi zetu ni za kiwango cha Uingereza, BS 1363, kilichotolewa mwaka 1947: pini tatu bapa. Fyuzi iko ndani ya plagi kwa sababu laini ya soketi za nyumba mara nyingi hulindwa na swichi ya ampea 30 au 32, na waya mwembamba wa redio unaweza kuungua kabla swichi hiyo haijajizima. Plagi za Ulaya, Marekani na China kwa kawaida hazina fyuzi. Tena ile pini ndefu ya juu ndiyo inayofungua vizibo vya matundu mawili ya chini, ndiyo maana watu huchokoza soketi kwa kalamu. Tafadhali, acheni kalamu. Pini za duara hazishikwi sawasawa humo, zinapata moto, na mtoto aliyekutazama kesho atajaribu kwa msumari.

Ninachokiweka mbele ya vyote ni waya mpya mzima. Kompyuta, printa na runinga nyingi zina waya unaochomoka nyuma, kwa hiyo nunua mwingine wenye plagi ya pini tatu. Hukati chochote.

Cha pili ni plagi ya pini tatu yenyewe, fundi aikate ile ya kigeni. Hii ndiyo dawa ya pasi, blenda na friji, ila kama kifaa kina waranti, muulize muuzaji kwanza. Waya wa kahawia uende upande wa fyuzi, wa samawati upande wa pili, wa kijani na manjano kwenye pini ndefu. Plagi nyingi huuzwa zikiwa na fyuzi ya ampea 13. Kwa redio, taa au chochote kisichofika wati 700, omba ya ampea 3. Hapa usione haya kukagua mbele ya mwenye duka. Plastiki nyeusi inatakiwa kuvishwa nusu ya zile pini mbili fupi tu. Ukiiona hata kwenye pini ndefu, rudisha, hiyo ni feki. Fungua uone fyuzi imeandikwa BS 1362, na utafute alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya.

Cha tatu ni kifuniko chenye fyuzi, ambacho plagi ya Ulaya hufungiwa ndani yake kwa skrubu. Ni kizuri, lakini hakipatikani kila duka.

Adapta ya safari yenye fyuzi ni ya chaja ya simu, basi.

Mwisho kabisa, naomba usiinunue, ni ile adapta nyeupe ya bei ya chini inayomeza plagi ya kila nchi. Plagi nene ya Ujerumani hubeba athi kwenye vibati vya ubavuni, na ndani ya adapta hiyo vibati havigusi kitu. Friji itaganda barafu kama kawaida huku bodi yake ya chuma haina athi. Siku waya ukichubuka ndani, anayeshika mlango ndiye atakayepigwa.

Mzigo wa Marekani au Japani una jambo lake. Adapta haibadilishi volti. Kama lebo inasema 100-240V, badilisha waya uendelee. Ikisema 120V tu, kwa mfano draya ya nywele, stima yetu ya 240V itaifanya ivute nguvu mara nne ya kipimo chake, na itaungua. Hapo unahitaji transfoma ya kushusha volti, yenye wati nyingi kuliko kifaa chako. Kwa draya ya wati 1,500, transfoma itakuwa nzito na ghali. Ni nafuu kununua draya nyingine hapahapa mjini.