Mashine za kahawa kwa nyumba na ofisi za Dodoma: kapsuli ya bei chee inashika mkia

Bei ya mashine ndogo ya kapsuli (kikopo kidogo cha kahawa kilichofungwa, cha kikombe kimoja) inavutia, lakini gharama si mashine yenyewe. Kapsuli moja ya aina ya Nespresso Original ina gramu 5 hadi 6 tu za kahawa. Maana yake pakiti ya gramu 250 ya kahawa ya kusaga, iwe ya Kilimanjaro, Mbeya au Mbinga, ni sawa na kapsuli kama 45. Ukiwa dukani, gawa bei ya boksi kwa idadi ya kapsuli, zidisha mara 45, kisha tazama bei ya pakiti. Wengi huirudisha mashine kwenye rafu hapo hapo.

1. Birika la moka. Ni la Kiitaliano, limekuwepo tangu 1933, na halina kifaa cha umeme cha kuungua. Maji yaishie chini kidogo ya valvu, kahawa ijae kichujio bila kushindiliwa, moto uwe mdogo. Likianza kukoroma, epua. Kinachochakaa ni mpira wa katikati, na unabadilishwa kwa mkono. Birika dogo huyumba kwenye meno ya jiko la gesi, kwa hiyo tafuta kichuma cha kuliwekea. Kwenye mkaa, angalia mkono wa plastiki usiyeyuke.

2. Presi ya kioo. Gramu 60 kwa lita moja, dakika 4, sukuma taratibu. Inataka kahawa ya chengachenga; ile laini ya pakiti hupenya chujio na kukuachia mashapo kikombeni. Kioo kikipasuka, kupata kingine cha saizi ile ile ni kazi.

3. Mashine ya espresso (kahawa nzito ya kikombe kidogo) yenye mkono wa kujaza kahawa. Inafaa ofisi yenye wanywaji wengi, tuseme kule Mtumba, ila tu kama kuna mtu mmoja aliyekabidhiwa kuisafisha.

4. Kapsuli ya bei chee. Adui wake mkubwa hapa ni maji. Sehemu kubwa ya jiji inatumia maji ya visima vya Makutupora, na ni magumu. Chungulia ndani ya birika lako la umeme: ule ukoko mweupe ndio utakaojenga ndani ya njia nyembamba za kuchemshia. Maji hupita kwa shida, kahawa hutoka vuguvugu na kidogo, pampu hupiga kelele, mwishowe fyuzi ya joto hukatika. Mashine nyingi za bei hiyo zimefungwa kwa klipu za plastiki zinazovunjika fundi akizifungua, na vipuri havipo.

Dawa ya ukoko ni asidi ya sitriki, gramu 30 kwa lita moja ya maji. Toa kapsuli, pitisha nusu ya tangi, zima kwa dakika 15, pitisha iliyobaki, halafu suuza kwa matangi mawili ya maji safi. Usiiache humo usiku kucha, maana hula alumini. Siki nayo huacha harufu na kuharibu mipira.

Tatizo la pili ni mpira wa pale kapsuli inapobanwa. Ukilegea, maji hupita pembeni na kuishia kwenye trei, nawe unapata kahawa nyepesi ukidhani kapsuli ni mbovu. Na hizo “bar 19” (kipimo cha mgandamizo) za kwenye boksi zisikupumbaze: espresso inahitaji kama bar 9, kinachoandikwa ni uwezo wa juu wa pampu.

Umeme wenyewe si mzigo, kwani wati 1,400 kwa dakika moja au mbili ni uniti kidogo sana. Hatari ni umeme kupanda na kushuka, basi weka kilinda volti. Mashine iliyotumika kutoka Japani ni ya volti 100, ya Marekani ni 120. Ukiichomeka kwenye 230 yetu inaungua.

Kama bado unaitaka, chagua inayotumia Original, kwa kuwa kapsuli zake hutengenezwa na kampuni nyingi na zipo za chuma za kujaza upya. Kapsuli za mifumo mingine, yaani Vertuo, Dolce Gusto na K-Cup, haziingiliani nayo. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji aiwashe, apitishe vikombe viwili vya maji bila kapsuli, kisha uinyanyue na kupapasa chini yake. Pakiwa na unyevu, mwachie.