Kitambaa cha chandarua kutoka Langoni, Lamu: nimekijaribu darasani

Nilinunua mita 2 kwenye duka moja la vitambaa Langoni, na si kwa ajili ya mbu. Nafundisha fizikia. Muuzaji alinikunjulia, "Mwalimu, tazama mwenyewe matundu yake," na kweli yana pembe sita, kama sega la nyuki. Nikalaza tabaka moja juu ya jingine mlangoni penye mwanga, nikalizungusha la juu kidogo tu. Yakatokea maua makubwa ya kivuli! Pembe kati ya tabaka hizo mbili ikipungua, yanatanuka.

Grafini ina umbo hilohilo: utando wa kaboni wenye unene wa atomu moja, unaonyonya takriban asilimia 2.3 ya mwanga. Tando mbili zikipishana kwa digrii 1.1, maua hayo hujirudia kila nanomita 13 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Ukibadilisha pembe, hubadilika pia rangi ya mwanga inayonyonywa zaidi. Wanafunzi walipokezana kitambaa mpaka kengele ikalia.

Kasoro ipo ukingoni: nyuzi zimevutika, na maua yanapinda. Kateni sentimita 10 za pembeni. Chukueni cheupe, cha buluu kinafifisha. Bei haikuniumiza, na Jumamosi narudi kuchukua mita 2 nyingine.