Folda mia mbili, rangi tano: uzoefu wangu na lebo za folda kwenye Lightroom Classic

Mama wa bi harusi akikupigia simu saa mbili usiku, salamu zinakuwa fupi. "Mwanangu, picha zetu zimefikia wapi?" Na anataka jibu hapo hapo. Mimi napiga picha za shughuli hapa Dar es Salaam, kiofisi changu kiko Sinza, na kwa miaka mingi jibu langu lilikuwa moja tu: "Zinakuja, mama." Ukweli ni kwamba nilikuwa sijui. Nilikuwa na folda karibu mia mbili zilizopangana kama matofali, zote za kijivu. Ipi imeshachambuliwa, ipi imeshakabidhiwa, ipi haijatolewa hata nakala ya pili, yote hayo nilikuwa nayabeba kichwani. Na kichwa msimu wa harusi hakibebi kitu.

Ninachokielezea hapa ni kitu kimoja kidogo ndani ya Lightroom Classic, programu ya kompyuta ya kupanga na kuediti picha: lebo za rangi za folda. Programu nzima siigusi, watu wameshaijadili hadi wamechoka. Lebo hizi nimezitumia kwa miaka mitatu, na mwaka wa kwanza wote niliutumia vibaya.

Picha zenyewe zilikuwa zinawekewa rangi tangu zamani. Folda zilipata rangi zake mwaka 2018. Unabofya jina la folda kwa kitufe cha kulia cha mausi, unachagua kuiwekea lebo, zinatokea nyekundu, njano, kijani, buluu na zambarau. Ukichagua, alama ndogo ya rangi inakaa kando ya jina la folda. Ni hivyo tu. Siku ya kwanza nilicheka, nikajiuliza hiki nacho cha kusifia ni kipi.

Cha kusifia kiko kwenye kuchuja. Juu ya orodha ya folda kuna kisanduku cha kutafutia chenye alama ya lenzi. Ukiibofya hiyo lenzi unaweza kuomba uonyeshwe folda zenye lebo fulani tu. Zile mia mbili zinatoweka, zinabaki sita. Hapo ndipo mtu anapoelewa kwamba rangi haikuwekwa kwa ajili ya urembo.

Lakini mimi nilianza na urembo. Nikagawa rangi kwa aina ya shughuli: harusi nyekundu, sendofu njano, kicheni pati zambarau, kipaimara na komunio buluu, mahafali kijani. Orodha ikapendeza kama duka la kanga Kariakoo. Haikupita hata mwezi akaja mteja wa maulidi. Baada yake mtu wa bethidei ya mtoto, kisha kampuni iliyotaka picha za wafanyakazi wake. Rangi zimekwisha na mwaka bado mbichi.

Hilo la rangi kuisha lingevumilika. Lililonikera ni kwamba rangi ilikuwa inanieleza jambo ninalolijua tayari. Folda zangu nazipa majina ya tarehe, shughuli na mahali, kwa mfano 2023-08-12 Sendofu Kimara. Nikishasoma hivyo, rangi ya njano inaniongezea nini? Tena sendofu haigeuki kuwa kitu kingine. Ukishaipaka njano itabaki njano hadi kiyama, na jicho likizoea rangi isiyobadilika linaacha kuiona. Mama wa bi harusi akipiga simu, bado nilikuwa nasema zinakuja.

Kinachobadilika ni hatua ya kazi. Nilipolitambua hilo nilifuta rangi zote usiku mmoja nikaanza upya. Nyekundu ikawa folda iliyotoka kwenye kadi ya kamera na ina nakala moja tu. Kwa mimi ninayepiga picha ghafi (RAW, ambazo kamera haijazichakata) hili si la mchezo, kwani harusi moja inaweza kunipa picha 1,500, na kila moja ikiwa na megabaiti 25 hivi, folda inakaribia gigabaiti 40. Folda ikiwa nyekundu, kadi yake haiguswi, hata kama kesho kuna kazi nyingine na kadi hazitoshi. Nakala ya pili ikishaingia kwenye diski ya nje, folda inakuwa njano: naichambua, naiediti. Buluu iko kwa mteja, anachagua za albamu. Zambarau imekabidhiwa lakini hela haijakamilika. Kijani imekwisha na imelipwa.

Kijani nayo nimeibadilisha baadaye. Baada ya miezi sita kazi zilizokwisha zilikuwa nyingi kuliko zote, orodha imegeuka shamba la mpunga. Kazi iliyokwisha haina habari mpya, ya nini kuipigia kelele? Siku hizi ikishakwisha naivua rangi kabisa, inarudi kijivu na inapumzika. Kijani sasa ni kazi iliyo tayari lakini mwenyewe hajaja kuchukua flashi au albamu yake. Hao nao ni wengi, msishangae. Watu wanakusumbua wiki tatu mfululizo, ukiwaambia tayari wanapotea miezi miwili.

Kulikuwa na mgogoro. Kijana ninayefanya naye kazi ni Simba damu. Alipoona mpangilio akaweka mikono kiunoni: "Kaka, yaani nyekundu ndiyo ya hatari, halafu kijani na njano ndizo za mambo kwenda vizuri? Hii studio imekuwa tawi la Yanga?" Tulibishana hapo kwa muda ambao ungetosha kuchambua komunio nzima. Nikamwambia nyekundu ndiyo folda inayofunguliwa kwanza kila asubuhi kabla ya nyingine yoyote. Akafikiri kidogo, akasema kama ni hivyo sawa, ndivyo inavyotakiwa.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba majina ya lebo unaweza kuyaandika mwenyewe. Liko kwenye menyu ya metadata (maelezo yanayoambatana na picha), sehemu ya seti za lebo za rangi, na folda zina ukurasa wao peke yao mbali na wa picha. Mimi nimeandika: Nakala moja, Nachambua, Kwa mteja, Tayari, Deni. Niliona ni mbwembwe mpaka Desemba moja binamu yangu alipokuja kunisaidia. Ananiletea folda ya kijani ananiambia hii ni nyekundu. Nikadhani ananitania. Kumbe hawezi kutofautisha rangi hizo mbili, na maisha yake yote hakuwahi kuona sababu ya kumwambia mtu. Tangu siku hiyo yeye anachuja kwa kusoma jina la lebo, rangi anatuachia wenyewe.

Ila kuweni waangalifu kidogo na majina ya lebo za picha. Lebo ya picha kwa undani wake ni neno lililoandikwa, na rangi inafuata neno. Nilipobadilisha majina ya lebo za picha nayo yawe ya Kiswahili, picha nilizokuwa nimezipaka zamani zikapoteza rangi zake na kuvaa lebo nyeupe, kwa sababu neno lake la zamani halikuwa tena kwenye orodha mpya. Nilirudisha seti ya awali mambo yakakaa sawa. Ukitaka majina yako mwenyewe kwenye picha, yaweke siku ya kwanza, usingoje mwaka wa pili.

Kosa langu kubwa lilikuwa la vidole. Kwenye kibodi, tarakimu 6, 7, 8 na 9 zinapaka picha nyekundu, njano, kijani na buluu (zambarau haina tarakimu). Folda hazina njia hiyo ya mkato, lazima uende kwa mausi. Sasa wenye shughuli wanajua Shaaban ilivyo: kila mtu anataka kuoa kabla Ramadhani haijaandama, unapiga nikaha tatu kwa wiki na unadaiwa usingizi. Usiku mmoja nimemaliza nikaha ya Temeke, nimechagua picha zote kwa ajili ya kuzitoa, nikataka folda iwe kijani. Nikabonyeza 8. Folda haikubadilika. Zilizobadilika ni picha elfu moja na mia nne, zote kijani kibichi, na alama nyekundu ambazo kijana alishinda kutwa akiziweka kwa ajili ya albamu zimefunikwa. Ctrl na Z iliniokoa. Ningefunga programu nikaenda kulala, tungeanza upya.

Kuna lingine, na hili ndilo ningependa ningeambiwa mapema. Rangi ya folda haikai kwenye folda, inakaa ndani ya katalogi ya programu, yaani faili ambamo programu inaandika kumbukumbu za picha na folda zako. Ukifungua folda hiyo hiyo nje ya Lightroom hutaona rangi yoyote. Nililigundua siku nilipompa kijana diski ya nje akafanyie kazi nyumbani kwenye laptopu yake. Akanipigia: "Kaka, folda zote zimepauka." Alikuwa amefungua katalogi mpya, na katalogi mpya haijui lolote kuhusu nyekundu yangu. Lebo za picha unaweza kuziandika kwenye metadata ya faili kwa Ctrl na S, zikasafiri na picha. Za folda hazisafiri hivyo. Dawa tuliyoipata ni kuihamishia katalogi yenyewe kwenye diski ya nje, anayefanya kazi ndiye anayeishika, kwa sababu haifunguliwi na kompyuta mbili kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo nakala ya akiba ya katalogi, ile ambayo programu inakuuliza ukiwa unafunga nawe unabonyeza kuruka, msiiruke. Na mjue kwamba akiba hiyo ni ya katalogi peke yake. Picha hazimo. Picha ni juu yako na diski zako.

Nimejaribu na programu nyingine. digiKam ni ya bure na ina rangi tisa, mpaka nyeusi, nyeupe na kijivu, lakini lebo zake ni za picha. darktable nayo ni ya bure, ina rangi tano kwenye vitufe F1 hadi F5, na vile vile ni za picha. Wenye Mac wana bahati yao, folda zinapakwa rangi saba na mfumo wenyewe, bila kutegemea programu ya picha. Mimi natumia Windows, ambayo haina kitu hicho ndani yake. Kama picha zako ni za familia tu, digiKam inakutosha, usijitwishe malipo ya Lightroom ya kila mwezi kwa dola.

Maana malipo yapo, na kuna miezi hayatoki. Machi 2025 Ramadhani na Kwaresima zilianza zikipishana siku chache, Waislamu hawaoi, Wakristo hawaoi, mimi nakaa ofisini nafuta vumbi kwenye lenzi. Nikaacha malipo yakatike. Sehemu ya kuediti ikafungwa, lakini maktaba ikaendelea kufunguka, folda zikiwa na rangi zake kama nilivyoziacha. Kwa hilo naipa heshima. Jumla ningeipa nne kati ya tano. Hiyo moja naikata kwa sababu ya rangi kutosafiri na folda.

Nimeacha zambarau mwisho makusudi. Niliichagua iwe ya deni kwa sababu ya tunda lenyewe: ukila zambarau huwezi kukana, ulimi unakusema. Siku ya kwanza nilipochuja zambarau peke yake zilitokea folda kumi na moja. Kumi na moja! Watu ambao nilishawakabidhi kila kitu, nikawasahau, na wao kwa furaha kubwa wakanisahau. Nilitumia asubuhi nzima nikipiga simu kwa adabu, "shikamoo mama, nilikuwa nakumbushia ile salio," na kufika jioni M-Pesa ilikuwa imelia mara nne.

Leo zimebaki tatu. Mbili ni za kamati za harusi ambazo mweka hazina hapokei simu. Ya tatu ni ya baba yangu mdogo, mahafali ya mwanawe, 2023. Kila tukichuja kijana ananiuliza, "Kaka, hii ya mzee tuivue rangi tu?" Namwambia iache hapo hapo.